Jumuiya ya wapangaji miji na mikoa: maana yake, na kwa nini hukutana

Mtu anayechora ramani ya mji hapati bahati ya kuliona kosa lake mapema. Fundi akijenga ukuta vibaya, mvua za mwaka uleule zitamuumbua. Lakini barabara iliyochorwa nyembamba mno, au mtaa wa makazi uliotupwa mbali na ajira, huchukua miaka ishirini au thelathini kuleta maumivu yake, na wakati huo aliyechora keshastaafu. Tena kazi yenyewe haina majaribio: hakuna anayejenga mji, akauishi kidogo, akaubomoa na kujenga mwingine. Anayetaka kujua kama wazo lake litafaa hana budi kuuliza kwenye mji uliokwisha kulijaribu. Kwa sababu hiyo wapangaji miji huhitajiana kuliko watu wa taaluma nyingi, na huko kuulizana, kukishapewa utaratibu, ndiko kunakoitwa jumuiya ya kitaaluma.

Tuanze na maneno yenyewe. Mpangaji miji ni mtaalamu anayeshauri ardhi itumikeje: wapi pawe makazi, wapi viwanda, wapi barabara na mitaro ipite, wapi paachwe wazi pasijengwe. Neno “mikoa” katika jina la taaluma hii huwapoteza wengi, kwa sababu wanafikiria mkoa wa kiutawala wenye mipaka na makao makuu. Hapa linamaanisha eneo pana linalotegemeana, liwe ndani ya mpaka wa kiutawala au limeuvuka. Maji ya mji hutoka kwenye vyanzo vilivyo mbali nao, wafanyakazi wake hulala kwenye miji midogo ya jirani, takataka zake hupelekwa kwingine, na mto unaoufurika umeanzia juu huko ambako halmashauri yake haina mamlaka. Anayepanga mji peke yake bila kutazama eneo hilo pana anapanga nusu ya jambo. Wengine husema “kanda” badala ya “mikoa”, na pengine ni bora zaidi.

Jumuiya yao ina tabaka mbili ambazo watu huzichanganya kila siku. Ya kwanza ni bodi ya usajili. Hii huundwa na sheria, na kazi yake ni kumlinda mwananchi: huamua nani anaruhusiwa kujiita mtaalamu na kusaini michoro, na inaweza kumfutia mtu usajili. Ya pili ni chama cha kitaaluma, ambacho huundwa na wanataaluma wenyewe, huishi kwa ada zao, na kazi yake ni kuwakutanisha, kuwanoa na kuwasemea. Kuna nchi zilizo na vyombo hivi viwili mbalimbali, na kuna nchi ambazo chama hubeba kazi zote mbili. Ukimsikia mtu analalamika kwamba “chama hakifanyi lolote”, muulize kwanza kama anachokitaka si kazi ya bodi.

Umri wa mambo haya si mkubwa. Miji imepangwa tangu enzi na enzi, lakini kupanga mji kama taaluma yenye jina lake, yenye masomo na mikutano yake, ni jambo la mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1909 peke yake ulileta mengi: Uingereza ilipitisha sheria yake ya kwanza iliyotaja mipango miji, Chuo Kikuu cha Liverpool kikafungua idara ya fani hiyo, na Washington ikawa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa kitaifa wa mipango miji nchini Marekani. Mwaka uliofuata London ilipokea mkutano mkubwa ulioitishwa na taasisi ya wasanifu majengo, na huko Liverpool likaanza jarida la kitaaluma, Town Planning Review. Mwaka 1914 Waingereza wakaunda chama chao, na rais wake wa kwanza akawa Thomas Adams. Waliojiunga walikuwa wasanifu majengo, wahandisi, wapima ardhi na wanasheria, kila mmoja akiwa na chama chake cha awali. Taaluma ilizaliwa mkutanoni, kati ya watu waliokuwa na kazi nyingine. Mpaka leo ndiyo inayovuta watu wa fani nyingi kuliko zote ninazozijua, na mpaka leo wenyewe kwa wenyewe hawajamaliza kubishana mpangaji miji ni nani hasa.

Mkutano ule wa Washington una funzo dogo ambalo hupitwa. Aliyeusukuma zaidi alikuwa Benjamin Marsh, mwanaharakati aliyechukizwa na jinsi maskini wa New York walivyosongamana kwenye vyumba, na jina la mkutano lilitaja mambo mawili: mipango miji na msongamano. Ndani ya miaka michache neno msongamano likadondoka kwenye jina, Marsh mwenyewe akasukumwa pembeni, na uongozi ukashikwa na waliotaka fani ya kiufundi isiyogombana na wenye ardhi. Kumbe jina la kongamano si pambo. Jumuiya inapochagua mada zake inachagua pia ni matatizo gani yatahesabiwa kuwa kazi yake na yapi yataachiwa wengine.

Hata hivyo alichokileta Marsh hakikupotea chote. Alikuwa amezunguka Ulaya na kurudi na sifa za Frankfurt, mji wa Ujerumani ambao mwaka 1891 uligawa ardhi yake katika maeneo yenye kanuni tofauti za ujenzi. Wazo hilo la kugawa mji kwa matumizi likazungushwa katika mikutano na ziara, na mwaka 1916 New York ikapitisha kanuni zake kwa mji mzima. Kutoka hapo likaenea Marekani yote. Ndivyo mawazo ya fani hii yanavyosafiri: mtu anaona, anasimulia mbele ya wenzake, mwenzake anakwenda kujionea, kisha kinatokea kipengele cha sheria katika nchi nyingine. Mabasi ya njia maalumu yalipita mkondo huohuo. Curitiba ya Brazil iliyaanza mwaka 1974, Bogotá ya Kolombia ikazindua ya kwake mwaka 2000, na baada ya hapo misafara ya wapangaji na mameya haikukoma kumiminika huko.

Hapa nisimame kidogo, maana wengi wanaoeleza dhana hii huishia kuisifu. Jumuiya ni mashine ya kunakili, nayo hunakili dawa na ugonjwa kwa ustadi uleule. Mfano wangu ni meli. Mwaka 1933 wasanifu na wapangaji wa kundi lililojulikana kwa kifupi CIAM, yaani makongamano ya kimataifa ya usanifu majengo wa kisasa, walipanda meli Patris II mjini Marseille, wakasafiri hadi Athens huku wakifanya mkutano wao baharini. Walikuwa na ramani za miji 33 zilizochorwa kwa alama zilezile ili zilinganishwe, kazi iliyosimamiwa na Mholanzi Cornelis van Eesteren. Kama kazi ya kitaaluma ilikuwa ya kupigiwa mfano, na hata leo ni wachache wanaofanya ulinganisho makini kiasi hicho kabla ya kusema neno. Lakini hitimisho lililokuja kutangazwa, ambalo msanifu majengo Le Corbusier, mmoja wa vinara wa kundi hilo, alilichapisha mwaka 1943 kwa jina la Mkataba wa Athens, liligawa maisha ya mji katika mafungu manne: kuishi, kufanya kazi, kupumzika na kusafiri, kila fungu na mahali pake. Majengo marefu yaliyosimama peke yake kwenye nyasi, barabara pana zisizo na maduka kandokando, mitaa ya kulala tu inayokufa mchana: sehemu kubwa ya hayo, katika mabara mengi, ina nasaba na mafungu yale manne. Kundi lenyewe lilivunjika mwaka 1959 baada ya kizazi kipya cha wanachama wake kukataa fikra za wazee. Miji iliyokwisha kujengwa haikuweza kuvunjika pamoja nalo.

Ndiyo maana kongamano la kweli hupimwa kwa mabishano yake. Nikiona ratiba ambayo kila mada ni “mafanikio ya mji fulani”, najua kwamba walioalikwa wamekuja kutangaza biashara.

Sasa, matukio yenyewe. Kiswahili kina maneno mengi ya kukutana, na kwenye fani hii kila moja lina kazi yake, ingawa waandaaji huyatumia ovyo. Mkutano mkuu wa mwaka ni wa wanachama: hapo hupokelewa hesabu, huchaguliwa viongozi, hurekebishwa katiba ya chama. Kongamano ni la mada. Waandaaji hutoa wito miezi kadhaa kabla, wanaotaka kuwasilisha hutuma ikisiri ya ukurasa mmoja au pungufu, wahakiki huchuja, na waliopita hupewa dakika kumi na tano au ishirini mbele ya watu. Semina ina mtoa mada na wasikilizaji. Warsha ni ya mikono: washiriki huketi juu ya ramani ya eneo halisi, kwa siku mbili au wiki nzima, na kutoka na pendekezo. Halafu kuna ziara ya mafunzo, ambayo kwa maoni yangu ndiyo moyo wa mambo. Mji ulioutembea kwa miguu hukuonyesha yale ambayo picha ya kwenye slaidi imekatwa ili yasionekane: mtaro ulioziba, kituo cha basi kisicho na kivuli, uzio uliowekwa baadaye.

Patrick Geddes, Mskoti aliyefundisha kwamba mji uchunguzwe kwanza ndipo upangwe, aliamini sana katika kuonyesha. Alikuwa na maonyesho ya ramani na picha za miji aliyozunguka nayo. Mwaka 1914 aliyapakia kuelekea Madras, India, na meli iliyoyabeba ikazamishwa na meli ya kivita ya Kijerumani, Emden. Kazi ya miaka ikaenda chini ya bahari. Wenzake wa Uingereza na kwingineko wakachangishana vielelezo upya, na mwanzoni mwa 1915 maonyesho yakafunguliwa Madras kama ilivyopangwa. Ukitaka kujua neno jumuiya linamaanisha nini likitolewa kwenye karatasi, ni hilo.

Katika ngazi ya kimataifa kuna chama cha wapangaji miji na mikoa kiitwacho ISOCARP, kilichoanzishwa mwaka 1965 kwa juhudi za Mholanzi Sam van Embden, chenye makao yake The Hague. Huitisha kongamano kila mwaka katika nchi tofauti, huandaa warsha za wapangaji vijana, na hutuma timu za wanachama wa kujitolea kwenye miji inayoomba ushauri. Wapangaji wa nchi za Jumuiya ya Madola wana chama chao tangu 1971. Jukwaa la Miji Duniani, linaloandaliwa na Umoja wa Mataifa kupitia UN-Habitat, shirika lake la makazi, na lililofanyika mara ya kwanza Nairobi mwaka 2002, ni kitu kingine: si la wanataaluma peke yao. Huko mpangaji huketi pamoja na meya, waziri, mkopeshaji na mwakilishi wa wakazi wa makazi holela, na mara nyingi ndiye anayeongea kidogo. Si vibaya. Tarehe 8 Novemba nayo huadhimishwa kama siku ya mipango miji duniani, wazo lililotolewa mwaka 1949 na Carlos Maria della Paolera, profesa wa Buenos Aires.

Yapo na mambo ya saa za mafunzo. Vyama vingi humtaka mwanachama athibitishe kwamba anaendelea kujifunza. Mpangaji aliyethibitishwa nchini Marekani hukusanya alama 32 kila baada ya miaka miwili. Chama cha Uingereza hudai saa 50 kwa kipindi hichohicho. Nia ni njema, maana sheria za ardhi hubadilika na zana hubadilika. Matokeo yake pia unayajua kama umewahi kukaa viti vya nyuma: wapo wanaosaini daftari la mahudhurio, wakachukua begi, wakapotea hadi saa ya cheti.

Kitu kimoja kinachotarajiwa sana kutoka kwenye jumuiya hii ni kinga. Mpangaji huajiriwa na halmashauri, wizara au kampuni ya ushauri, na karibu kila mmoja hufika siku ya kuambiwa abadilishe rangi kwenye ramani, eneo la wazi liwe la biashara, bila maelezo. Maadili ya taaluma humtaka aweke mbele masilahi ya umma. Chama kinaweza kumwadhibu akikubali. Akikataa na kuhamishwa kituo, uwezo wa chama ni mdogo: barua, tamko, mwanasheria pale penye bahati. Anachopata kwa uhakika ni namba za simu za watu watano waliowahi kusimama mahali palepale, na mara nyingine mfano wa mji uliobadilisha rangi hiyohiyo ukaja kujuta, ambao anaweza kuuweka mezani kesho yake asubuhi.

Kwa mgeni, mlango rahisi ni uanachama wa mwanafunzi, ambao ada yake huwa ndogo, kisha kujitolea kwenye sekretarieti ya kongamano. Anayebandika majina milangoni hufahamiana na kila mtu. Ukipata nafasi ya ziara ya mafunzo, kaa karibu na afisa mwenyeji anayewaongoza, si na msemaji wake. Ngoja hotuba iishe na basi lianze kurudi, ndipo umuulize: ungepewa karatasi tupu leo, mtaa huu ungeuchora vipi?