Goti Jipya, Paja la Zamani

"Goti limeshabadilishwa, nguvu zitarudi zenyewe." Kati ya dhana potofu kuhusu upasuaji wa kubadilisha goti, hii ndiyo mama wa nyingine zote. Daktari wa upasuaji hubadilisha kiungo tu: huondoa sehemu zilizolika, akaweka chuma na plastiki. Msuli wa mbele ya paja, ule unaonyoosha goti, anauacha ulivyo, nao ulishanyong'onyea kwa miaka ya kuchechemea. Mwezi mmoja baada ya upasuaji huwa dhaifu zaidi. Wengi hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu walizoingia nazo hospitalini.

Kulala kitandani si sababu pekee. Goti lililovimba hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, na amri zinazoteremka kwenda kwenye paja hupunguzwa. Ndiyo maana mgonjwa akiambiwa anyanyue mguu, anautazama tu. Msimwite mvivu. Aanze na zoezi linaloonekana la kitoto: mguu umenyooka kitandani, agandamize nyuma ya goti kwenye godoro, akaze paja, ahesabu mpaka 5, aachie. Arudie mara nyingi kwa siku.

"Mama akandwe maji ya moto." Hapa mtagombana na mashangazi, na mgombane. Joto kwenye goti bichi huongeza uvimbe, na uvimbe ndio unaouzima msuli. Tena kidonda kinaloa. Tumieni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, mguu ukiwa juu. Kuchua nako kuacheni: shavu la mguu likivimba na kuuma, huenda damu imeganda ndani, hapo ni hospitali mara moja. Pumzi ikibana ghafla, vivyo hivyo.

"Mto chini ya goti unampumzisha." Unampumzisha kweli, na goti linazoea kukunjika. Uwekeni chini ya kisigino.

"Natembea kila siku, yatosha." Kutembea ni kuzuri, ila mwili una ujanja: mguu mzima unabeba mzigo, ule wa upasuaji unasindikiza. Simama mbele ya kioo, inuka kitini bila kushika popote, utajiona unavyoegemea upande mmoja. Zoezi lenyewe ni hilohilo. Anza na kiti kirefu, uzito sawasawa miguuni, teremka taratibu kama unayeogopa kuvunja kiti. Zoezi likiwa jepesi, tafuta kiti kifupi zaidi. Baadaye panda ngazi moja kwa mguu wa upasuaji. Mzigo usipoongezwa, msuli hauna sababu ya kukua. Maumivu kiasi yanavumilika; asubuhi goti likiamka limevimba kuliko jana, ulizidisha, punguza.

"Uzee huu, misuli itoke wapi?" Mwaka 1990 watafiti wa Boston waliwapa mazoezi ya uzito wazee wa nyumba ya kulelea wazee, wenye wastani wa umri wa miaka 90. Hawakuwa wagonjwa wa upasuaji wa goti, lakini baada ya wiki 8 nguvu za mapaja yao zilikuwa zimepanda kwa wastani wa asilimia 174.

"Supu ya kongoro inarudisha grisi ya goti." Chuma hakinywi supu. Mnywesheni kwa utamu wake, kisha mpakulieni maharage, dagaa na mayai, maana paja linajengwa na hivyo.