Kampuni "yenye nguvu kubwa sokoni" maana yake nini? Tuangalie simu za Bangladesh

Ukifuatilia habari za makampuni ya simu Bangladesh utakutana sana na herufi tatu, SMP (significant market power, yaani nguvu kubwa sokoni), na karibu kila mara jina linalofuata ni Grameenphone. Wengi wakisikia kampuni imetangazwa kuwa na "nguvu kubwa sokoni" wanadhani imekamatwa na kosa. Hapana, hiyo ni hadhi tu kisheria, yaani kampuni imekua mpaka inaweza kupanga bei na masharti yake bila kuwaogopa sana wenzake, na mteja hata akichukia hana pa kukimbilia kirahisi. Kuwa mkubwa hakukatazwi, ila ukishafika hapo mdhibiti anaruhusiwa kukuchunga kwa masharti ambayo wengine hawana.

Kipimo chao kiko wazi. BTRC, ndo mdhibiti wa mawasiliano kule, kwenye kanuni zake za 2018 aliweka asilimia 40. Ukifika hiyo kwa wateja, au kwa mapato, au kwa masafa (yale mawimbi ya redio yanayobeba simu, yanapimwa kwa megahazi), kimoja tu kinatosha, unaingia. Februari 2019 Grameenphone ikatangazwa rasmi, ilikuwa na laini zaidi ya milioni 70 na karibu nusu ya mapato ya soko zima. Lakini njoo kwenye masafa sasa, ilikuwa na kama megahazi 37 wakati Robi anayemfuata ana 36 na kitu. Karibu sawa kabisa! Kwa hiyo nguvu yake haikutoka kwenye kumiliki hewa kuliko wenzake, ilitoka kwingine, na hapo kwingine ndo pa kupaelewa.

Turudi nyuma kidogo. Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi kule ilikuwa Citycell, ilianza kutoa huduma 1993, simu zikawa za matajiri. Grameenphone ikawasha mtandao tarehe 26 Machi 1997, siku ya uhuru wao, ikiwa ya Telenor ya Norway pamoja na ndugu wa ile benki ya mikopo midogo ya Muhammad Yunus. Kitu kikubwa walichopata mapema ni kukodi nyaya za faiba za shirika la reli, zimetandazwa pembeni ya njia za treni nchi nzima, sasa wewe fikiria wenzako wanahangaika namna ya kuunganisha mji na mji na wewe una njia tayari imelala pale inakusubiri. Alafu kukawa na zile simu za kijiji, mwanamke anachukua mkopo benki ananunua simu, majirani wanakuja kupiga kwake wanalipa, hivyo jina la kampuni likafika vijijini wakati wengine bado wanahesabu wateja wa Dhaka.

Na kuna jambo watu wanalisahau. Wakati huo mkubwa alikuwa BTTB, shirika la simu la serikali lenye simu za mezani, na nafasi za kuungana na mtandao wake zilikuwa chache mno, kampuni za simu za mkononi zikakwama. Grameenphone ikaamua kuuza laini za simu ya mkononi kwa simu ya mkononi tu, bila kugusa za mezani. Yaani kampuni inayoitwa kubwa mno leo ilianza kwa kubanwa na kubwa ya wakati ule, na njia ya kubana ilikuwa ileile ambayo sheria za nguvu ya soko zinaihofia kuliko zote, kuunganishwa.

Sasa nguvu yenyewe inafanyaje kazi? Iko kwenye bei ya kupiga ndani ya mtandao na bei ya kupiga nje. Mpaka Agosti 2018 Bangladesh walikuwa na bei za chini mbili zilizowekwa na mdhibiti, yaani kampuni haikuruhusiwa kutoza chini ya hapo, paisa 25 kwa dakika ndani ya mtandao na paisa 60 kwenda mtandao mwingine (paisa 100 ni taka 1, sarafu yao). Chukua kijana anashona nguo kiwandani Gazipur, mama yake yuko kijijini kaskazini ana laini ya Grameenphone kama majirani zake wengi. Kwa bei hizo za chini, dakika kumi akipiga kutoka laini hiyohiyo ni taka mbili na nusu, akipiga kutoka mtandao mwingine ni taka sita. Huyo kijana hata ukimpa mtandao mwingine wenye bando zuri atauchukua kama laini ya pili tu, ile ya kuongea na nyumbani haachi. Na kila anayejiunga anafanya mwingine naye aone afadhali ajiunge, kampuni inakua bila kufanya lolote jipya, wala haijamfanyia mtu hila. Mimi kwangu hii ndo maana halisi ya nguvu ya soko, wateja wenyewe wanakuwa uzio wa kuwazuia wateja wenzao wasitoke.

Ushahidi wake unauona hata dukani. Kuweka vocha kule watu wanasema "flexiload", hilo ni jina la huduma ya Grameenphone, lakini limeandikwa kwenye vibanda na watu wanalitumia hata kwa laini za mitandao mingine.

Agosti 2018 zile bei mbili zikafutwa ikawekwa bei ya chini moja, paisa 45 kote, na Oktoba mwaka huohuo wakaanzisha kuhama mtandao bila kubadili namba. Ukiangalia vizuri hizi ndo dawa za ugonjwa wenyewe japo ziliwekwa kwa kampuni zote na SMP ilikuwa bado haijatangazwa. Ila paisa 45 ilikuwa na uchungu wake, aliyekuwa anapiga ndani kwa ndani kwa 25 akaona bei imepanda, na wengi wao walikuwa watu wa kipato cha chini, ule mzigo haukuwa wa haki kwao.

Masharti ya SMP yenyewe yalisumbua. Ya kwanza ya 2019 yaliishia kwenye kuvutana mahakamani, mpaka Juni 2020 yakaja mengine, ofa mpya ya Grameenphone ipate kibali kwanza, na mteja anayehamia kwake bila kubadili namba aruhusiwe kuondoka baada ya siku 60 wakati kwingine ni 90. Dawa nyingine inayotumika duniani kwa hali kama hii ni ada ya mwingiliano isiyolingana, ile ada ambayo mtandao mmoja unaulipa mwingine kwa kupokea simu zake, mkubwa analipwa kidogo kwa simu zinazoingia kwake, mdogo analipwa zaidi, ili mdogo naye aweze kushusha bei ya kupiga nje.

Wadogo wenyewe wamekuwa wakipungua. Bharti Airtel ya India iliingia Bangladesh 2010 kwa kununua kampuni ya simu ya kule iitwayo Warid, mwaka huohuo ambao ilinunua mitandao ya Zain Afrika ikawa Airtel tunayoijua Kenya, Tanzania na Uganda. Huku ikabaki, kule 2016 ikaunganishwa na Robi, jina likabaki tu kama chapa. Citycell nayo ikazimwa 2016 kwa madeni iliyokuwa inadaiwa na serikali. Wamebaki Grameenphone, Robi, Banglalink na Teletalk ya serikali.

Juni 2022 BTRC ikaizuia Grameenphone kuuza laini mpya kwa sababu ya ubora wa huduma, zuio likaondolewa Januari 2023. Hapo ile habari ya masafa inarudi na maana yake, karibu nusu ya wateja wa simu wa nchi nzima wakibanana kwenye masafa yanayokaribia ya Robi mwenye wateja wachache zaidi, lazima simu zikatike na intaneti iburuze, na bado watu hawahami kwa wingi. Mteja anapata huduma mbovu na anabaki palepale, hapo ndo unajua kampuni ina nguvu kubwa sokoni kuliko hata asilimia 40 inavyoweza kukwambia, na kwa maoni yangu BTRC angepima hilo pia, wangapi walitaka kuhama wakashindwa na kilichowashinda ni nini.