Mapitio ya kimfumo ni nini, na utayapimaje?

Mpimaji wa korosho ghalani Masasi au Nachingwea hatangazi daraja kwa kutazama punje za juu ya gunia. Anachoma bambo juu, katikati na chini. Mapitio ya kimfumo yanazifanyia tafiti za tiba kazi hiyohiyo: waandishi wanaweka swali moja, wanaandika mapema watatafuta wapi na watakataa nini, wanakusanya tafiti zote zinazolihusu, wanapima ubora wa kila moja, ndipo wanajibu. Mapitio ya kawaida hayana bambo; mwandishi huchota tafiti anazozikumbuka, au zinazomuunga mkono. Tafiti zikifanana vya kutosha, takwimu zake hujumlishwa, na hesabu hiyo huitwa uchambuzi meta.

Kuyatafuta si kazi kubwa ukiwa na swali lenye sehemu nne. Mtoto ameletwa na malaria kali, jambo la kila masika Lindi na Mtwara. Mgonjwa: mtoto mwenye malaria kali. Tiba: artesunate ya sindano. Kulinganisha: kwinini. Matokeo: kifo. Ingia PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za tiba, ambayo ni bure, uandike severe malaria AND artesunate AND quinine (AND kwa herufi kubwa), kisha kwenye vichujio vya pembeni weka alama kwenye Systematic Review. Ukiandika sentensi nzima utaletewa takataka. Pitia pia maktaba ya Cochrane, shirika lililoanzishwa Uingereza mwaka 1993 kwa kazi hii hasa. Makala ikidai malipo, uliza kama hospitali au chuo chako kimejiandikisha Research4Life, mpango unaozifungulia majarida taasisi za nchi zenye kipato kidogo.

Sasa kupima. Neno "kimfumo" kwenye kichwa cha makala halithibitishi kitu, kwa hiyo soma mbinu kabla ya hitimisho. Kuna chombo kiitwacho AMSTAR 2 chenye maswali 16, ila mwenye dakika kumi kabla ya kuingia zamu aulize haya: itifaki, yaani mpango wa mapitio, iliandikishwa kabla ya kazi kuanza, kwa mfano kwenye daftari la mtandaoni la PROSPERO? Walitafuta kwenye hazina zaidi ya moja, zikiwemo tafiti ambazo hazikuchapishwa? Hili lina uzito, maana utafiti usioona tofauti yoyote mara nyingi huishia kwenye droo, na ukikosekana dawa huonekana bora kuliko ilivyo. Je, watu wawili walichagua tafiti, kila mmoja kivyake? Na kasoro walizoziona ziliingia kwenye hitimisho, au ziliachwa kwenye jedwali tu?

Kisha tazama mchoro unaopanga matokeo ya tafiti zote (forest plot). Kila utafiti una kisanduku chenye mstari wa kulala; mstari huo ukikatiza mstari wima wa 1, yaani wa tiba mbili kulingana, utafiti huo peke yake haujaonyesha tofauti ya kuaminika. Almasi ya chini ndiyo jumla. Katika mapitio ya Cochrane ya 2012 kuhusu swali letu, almasi ya watoto ilikaa 0.76, na upana wa makadirio ulikuwa kati ya 0.65 na 0.90. Maana yake, panapokufa watoto 100 kwa kwinini, kwa artesunate wangekufa kama 76. Lakini usiishie kwenye almasi. Watoto wote walikuwa 5,765 kutoka majaribio manne, na 5,425 kati yao walitoka jaribio moja, AQUAMAT la 2010. Almasi hiyo karibu yote ni ya jaribio moja. Hapa si tatizo, kwa sababu lilikuwa kubwa, wagonjwa waligawanywa kwa kura, na lilifanyika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Kwingineko lingeweza kuwa jaribio la Ulaya tupu.

Mwisho angalia tarehe. AQUAMAT lilitumia miligramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipandisha dozi ya watoto walio chini ya kilo 20 hadi miligramu 3 kwa kilo. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 30 kila sindano. Anayenakili dozi kutoka kwenye mapitio hayo atampa 24.