Nyota iliyopasuka wiki ya tatu

Nyota yangu ya kwanza ya kioo nilimpelekea shangazi, Uyole, hapa Mbeya. Nilikata kipande cha chupa ya mvinyo, ile ya kijani, nikakilaza juu ya kioo cheupe cha dirisha na kuviyeyusha pamoja. Vikatoka tanurini vimeshikana vizuri, bila ufa hata mmoja. Shangazi akaitundika dirishani, akafurahi. Wiki ya tatu, ilikuwa Juni na baridi yake, akanipigia simu alfajiri: "Mwanangu, nyota yako imelia ta! usiku, nikadhani mtu katurushia jiwe." Hakuna aliyeigusa. Nilipokwenda kuitazama, ufa ulikuwa umepita palepale kijani kilipokutana na cheupe, umefuata mpaka wa rangi hizo mbili, kana kwamba nimeuchora kwa kalamu.

Mimi ni fundi vioo. Mchana nakata vioo vya madirisha Mwanjelwa; kuyeyusha vioo vya mapambo ni kazi ya jioni na Jumapili, na naipenda kuliko ninavyoweza kueleza. Wanaokuja kuniuliza habari zake huanza na tanuri: linauzwa wapi, linafika nyuzi ngapi. Mimi ningependa waanze na ile nyota ya shangazi.

Kioo hutanuka kikipata joto na husinyaa kikipoa, ila kila aina ina kipimo chake. Viwanda vinavyotengeneza vioo maalumu vya kuyeyushia huviuza kwa namba, 90 au 96 ndizo zinazojulikana zaidi. Kioo cha dirisha kipo chini kidogo, karibu na 85. Namba hiyo ni sehemu za milioni kumi: kioo cha 90, kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, hurefuka sehemu 90 kati ya milioni 10 za urefu wake. Utasema hiyo si kitu. Basi chukua kipande cha sentimita 10 cha namba 85 na kingine cha 96, vishikane, kisha vipoe nyuzi 500 pamoja. Mmoja atataka kuwa mfupi kuliko mwenzake kwa milimita 0.055, yaani karibu unene wa unywele. Chuma kingejikunja kidogo, maisha yakaendelea. Kioo hakijui kujikunja kikiwa baridi. Kinabaki kimevutana ndani kwa ndani, kimya, mpaka siku usiku mmoja wa baridi unapoongeza kidogo tu juu ya mvutano uliokuwapo.

Chupa nazo hazina namba. Kila kiwanda kina mchanganyiko wake, kwa hiyo hata chupa mbili za kijani kilekile zinaweza zisiwe na undugu wowote. Kioo cha dirisha kina nafuu. Tangu Alastair Pilkington wa Uingereza alipotangaza njia yake mwaka 1959, vioo vya madirisha humwagwa juu ya stani (madini ya bati) iliyoyeyuka, vikatandaa vyenyewe vikawa sawasawa. Kioo kimoja ni mchanganyiko mmoja, ndiyo maana ushauri wangu kwa anayeanza ni rahisi: nenda kwa fundi wa madirisha ya alumini, omba mabaki ya kioo cha milimita 3, na vipande vyote vya pambo moja vitoke kwenye kioo kimoja. Hao ni ndugu wa tumbo moja, hawatagombana.

Kama una vioo usivyovijua, vipime. Yeyusha kipande kidogo cha rangi juu ya kipande cheupe, kipoze taratibu, kisha washa skrini bapa ya kompyuta ionyeshe ukurasa mweupe mtupu. Vaa miwani ya jua ya polaroidi, zungusha kichwa mpaka skrini iwe nyeusi. Sasa weka kioo chako kati ya macho na skrini. Kikiwa salama, nacho kitabaki cheusi. Kikiwa na mvutano, utaona mwanga umekizunguka kile kipande cha rangi, mfano wa mwezi nyuma ya wingu jembamba. Nilipofanya hivyo kwa mabaki ya nyota ya shangazi, mwanga ulikuwa mkali sana kwenye pembe za kijani. Nilikaa nikiitazama muda mrefu.

Rangi basi itoke wapi, kama chupa tumeziacha? Kuna poda za rangi za vioo, lakini huku kwetu kuzipata si rahisi. Mimi napenda zaidi vitu vinavyolala kati ya vioo viwili. Waya mwembamba wa shaba uliotolewa kwenye mota mbovu, ukisuguliwa kwa msasa mpaka vanishi yote iishe, hutoka na wekundu wa damu ya mzee, na pengine pembeni una bluu-kijani. Ukiacha vanishi, utapata mapovu na masizi. Jani la jimbi nalo ni ajabu. Likaushe kwenye kitabu kizito wiki mbili, lilaze kati ya vioo, pandisha moto polepole ili moshi wake upate njia ya kutokea. Jani lenyewe huungua lote, lakini majivu yake hubaki pale yalipokuwa, meupe, kila mshipa mahali pake. Majimbi yangu nayatoa uani. Maua ya Kitulo nayachora tu kwa waya, maana yale ni ya hifadhi na hayachumwi.

Kukata hakuna siri kubwa. Chovya gurudumu la kikatio kwenye mafuta ya taa, vuta mstari mara moja tu, na sikiliza: mstari mzuri unalia kama kitambaa kinachochanwa. Ukiurudia unaharibu kioo na kikatio. Vaa miwani na viatu vya kufunika vidole, na vumbi la kioo ulifute kwa kitambaa kibichi badala ya kulipuliza. Kitanzi cha kutundikia nakata kwenye koili ya jiko la umeme lililoungua, nakipachika kati ya vioo kabla ya moto. Bamba la tanuri lipakwe udongo mweupe, kaolini, tabaka nne, likauke kabisa, la sivyo pambo na bamba vitakuwa kitu kimoja milele.

Kwa vioo viwili vya milimita 3, mimi hupandisha nyuzi 150 kwa saa mpaka 650, nasubiri nusu saa hewa itoke katikati, halafu haraka mpaka 820, dakika kumi. Nikichelewa huko kati ya 700 na 800, uso wa kioo huingia ukungu usiofutika. Kuyeyuka kumekwisha hapo, na wengi hudhani kazi imekwisha.

Kazi iko kwenye kupoza. Wafinyanzi wa Kikisi kule Ikombe, mwambao wa Ziwa Nyasa, huchoma vyungu kwa moto wa wazi. Chungu kina chembechembe na vitundu vinavyopokea msukosuko huo. Kioo hakina. Nje kikishaganda na ndani bado ni laini, unakuwa umejitengenezea mvutano uleule wa nyota, hata kama vipande ni ndugu. Kwa hiyo nikishuka na kufika nyuzi 550 nasimama saa nzima, joto lisambae sawa. Kutoka hapo nashuka nyuzi 60 kwa saa mpaka 400, ndipo nazima, na mlango siufungui mpaka asubuhi.

Mbeya kuna swali jingine: umeme ukikatika? Umenikatikia mara mbili, mara ya pili nikiwa nyuzi 610 nikishuka. Usifungue. Usichungulie hata kwa tundu. Ziba kila upenyo, matofali yatatunza joto kadiri yanavyoweza. Umeme ukirudi, hata kama ni kesho yake, anza upya polepole, panda mpaka 550, kaa saa nzima, shuka kama kawaida. Kioo husamehe hilo kabisa. Kwa tanuri langu dogo mzunguko mmoja unakula kama uniti 9, kwa hiyo naangalia salio la LUKU kabla ya kuwasha.

Nyota ya pili ya shangazi ni ya kioo kimoja, ina jani la jimbi katikati. Niliipima kwenye skrini kabla ya kuipeleka, ikawa nyeusi tii kuanzia ncha hadi ncha. Huu ni mwaka wa tatu ipo dirishani, na shangazi ameshaagiza nyingine ya sebuleni.