"Niunge masta kabla akili haijapoa"

Kila msimu wa udahili hunijia kijana, mara nyingine na mzazi wake, cheti cha shahada ya kwanza hakijapata hata jalada, na maneno ni yale yale: "Mwalimu, nataka niunge MBA moja kwa moja, kabla akili haijapoa." Wiki iliyopita walikuja watatu kwa siku moja, wote wakitaka hiyo masta ya usimamizi wa biashara. Wa tatu nilimjibu kwa ukali ambao haukumstahili, kwa hiyo jibu refu naliandika hapa.

Akili haipoi. Unachokosa ni kitu cha kuifikirisha. Ukitaka kuzama zaidi kwenye uhasibu, fedha au uchumi, ziko masta za fani hizo na unaweza kuziunga kesho. MBA ni darasa ambalo nusu ya somo hutoka vinywani mwa wanafunzi, na asiye na la kusema anawalipia ada wenzake.

Mfano ninaoutumia kila mwaka ni M-Pesa. Safaricom waliianzisha Kenya Machi 2007. Mwaka uliofuata Vodacom wakaileta Tanzania, jina lile lile, huduma ile ile. Kenya ikashika kama moto wa nyikani. Kwetu miaka ya mwanzo ilijikokota. Kwa nini? Kijana aliyeunga hujibu haraka: "Elimu kwa umma haikutosha." Nikimbana, anachora SWOT, lile jedwali la nguvu, udhaifu, fursa na vitisho.

Mwaka mmoja dada aliyewahi kusimamia mawakala wa simu huko Kanda ya Ziwa aliuliza swali moja tu: wakala alikuwa na floti, yaani pesa za kutosha kuhudumia wateja? Darasa likaamka. Kenya, sehemu kubwa ya wenye simu walikuwa wa Safaricom, hivyo wakala alipata wateja wa kutosha na kamisheni ikamlipa kukaa na pesa dukani. Huku wateja waligawana Vodacom, Tigo, Zain na Zantel. Wakala anapata wateja wachache, haoni faida ya kulaza pesa, mteja anakuja kutoa anaambiwa "rudi baadaye", naye harudi. Sasa una bajeti moja: utaipeleka kwenye matangazo ya redio au kwa mawakala? Hapo ndipo somo la mkakati linapoanza. Tukifika mwaka 2014, kampuni zilipoanza kuruhusu wateja wao kutumiana pesa toka mtandao mmoja kwenda mwingine, Vodacom, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, aliingia 2016. Kwa nini mkubwa achelewe? Swali hilo peke yake hula kipindi kizima, na aliyeunga hukaa akinakili.

Wazazi huniambia, "Ajira hakuna, bora asome." Nawaelewa, nami nina watoto. Ila mwajiri akiona MBA ya mtu ambaye hajawahi kumsimamia hata mfagizi, anaona mshahara mkubwa wa kulipa na kazi ya kumfundisha upya. Ushauri wangu haujabadilika: miaka mitatu kazini kwanza, mahali ambapo kosa lako linagharimu pesa za mtu. Duka la shangazi lenye daftari la mauzo na madeni nalihesabu. Miezi sita ya kutoa fotokopi ofisi kubwa siihesabu.

Mengine nayapitia kwa haraka.

Wapo wanaodhani mkakati ni dira, dhamira na SWOT vilivyobandikwa mapokezi. Michael Porter, profesa wa mkakati wa biashara, alieleza tangu 1996 kwamba kufanya yale yale wanayofanya wenzako, hata kwa ubora zaidi, si mkakati. Mimi huuliza: nionyesheni wateja mliowakataa. Wakikosa, nafunga faili.

"Mbona Bakhresa hakusoma MBA?" Kweli, hakusoma. Na walioacha shule wakaanza biashara zikafa mtaani kwako, umewahesabu?

"Mimi ni muuguzi, hesabu sina." Njoo. Aliyeagiza dawa za wodi nzima bila ziishe na bila ziharibike anajua stoku kuliko wengi wenye B.Com, shahada ya kwanza ya biashara.

Kuhusu MBA za nje zinazosomwa mtandaoni, wengine huapa hakuna inayotambulika, wengine kwamba zote ni sawa. Waulize TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kabla ya kulipa ada. Watu huenda wakiwa na joho tayari.

Halafu kuna hili linalosemwa kwa kunong'ona, kwamba tasnifu si tatizo, wapo watu wanaandika. Najua wapo; baadhi yao nimewafundisha mwenyewe na wanaandika vizuri. Ndiyo maana siku ya utetezi sianzi na nadharia. Nauliza tu: "Dodoso la kwanza ulimpa nani, na alikuwa anafanya nini ulipomkuta?"