"Anazurura Tu": Dhana Potofu Kuhusu Siku za Msanii Mjini

Ukimwona mchoraji amekaa kwenye ngazi za jengo la umma saa nne asubuhi, siku ya kazi, daftari mapajani, ni rahisi kudhani hana shughuli. Dhana hiyo ndiyo imezaa nyingine nyingi, kwa hiyo nitaipa nafasi kubwa zaidi.

"Anazurura tu."

Matembezi ni kazi, na mara nyingi ndiyo sehemu inayochosha kuliko zote. Mwanzoni mwa 1877 mchoraji Claude Monet aliomba ruhusa ya kuchora ndani ya stesheni ya treni ya Saint-Lazare, Paris. Alipanga chumba karibu na hapo, akawa anarudi kufuatilia moshi na mwanga chini ya paa la vioo. Zikatoka picha 12 za stesheni hiyohiyo. Abiria aliyempita mbio akiwahi treni angeweza kuapa kwamba yule bwana hana la kufanya.

Mchoraji Henri Rousseau naye alichora misitu minene yenye simba na nyani, na ukaenea uvumi kwamba aliwahi kufika Mexico akiwa askari. Hakuwahi kutoka Ufaransa. Misitu yake aliipata palepale Paris, kwenye bustani ya Jardin des Plantes, akitazama mimea ya nchi za joto ndani ya nyumba za vioo na wanyama waliokaushwa wa makumbusho.

Sasa, huko nje mtu anafanya nini hasa? Anajizoeza kuona haraka. Anayesubiri basi hatakungoja umalize kope zake. Unawahi kwanza mteremko wa mabega na mguu uliobeba uzito. Uso utaupata ukibahatika. Michoro mingi ya namna hii ni mibaya, na hakuna anayepaswa kuiona. Inahifadhiwa ili iilishe picha itakayotengenezwa baadaye ndani. Wapo pia wasioupenda kabisa utaratibu wa kubeba turubai (kitambaa cha kuchorea) barabarani. Mchoraji Degas aliwakejeli waziwazi wachoraji wa nje, ila wacheza dansi na farasi wake ni matunda ya kutazama kwa muda mrefu, kisha kukumbuka.

"Anangoja msukumo umjie."

Mchoraji Van Gogh alikuwa msanii kwa takriban miaka kumi tu, akaacha zaidi ya picha 800 za rangi ya mafuta. Huwezi kufika huko kwa kungoja. Isitoshe, siku ya msanii imejaa mambo ambayo hayahitaji msukumo wowote: kupaka turubai rangi ya msingi, kuosha brashi, kufungasha kazi za maonyesho, kukumbushia malipo yaliyochelewa. Hili la mwisho wasanii wengi wanalichukia kuliko kuosha brashi.

Na kwa kuwa tumemtaja: ile hadithi kwamba aliuza picha moja tu maishani haijakaa sawa. Ni kweli kwamba mwaka 1890 mchoraji Anna Boch alinunua mojawapo kwa faranga 400. Lakini miaka minane kabla yake, baba mdogo wa Van Gogh aliyekuwa mfanyabiashara wa sanaa alimwagiza michoro 12 ya mandhari ya jiji la The Hague, Uholanzi, akailipia, kisha akaagiza mingine. Yaani kuzurura mitaani kulimlipa mapema.

"Akiwa na kazi nyingine, si msanii kamili."

Rousseau alikuwa karani wa ushuru hadi 1893. Mtunzi wa muziki Philip Glass, opera yake (mchezo wa jukwaani unaoimbwa) ilipoonyeshwa kwenye ukumbi wa Metropolitan Opera, New York, mwaka 1976, alirudi kuendesha teksi. Vivian Maier alikuwa yaya mjini Chicago. Aliacha picha zaidi ya laki moja za mitaani, nyingine zikiwa kwenye filamu ambazo hazikuwahi kusafishwa.

"Anayenakili kazi za wengine hana ubunifu."

Kunakili ni shule. Makumbusho ya Louvre, Paris, huruhusu wasanii kukaa mbele ya picha na kuinakili kwa kibali, mradi nakala isiwe na ukubwa sawa na picha halisi. Humohumo ndimo wachoraji Manet na Degas wanamosemekana kukutana, wakinakili.

"Nimeinunua, kwa hiyo nifanye nitakavyo."

Hapana. Katika nchi nyingi unaponunua picha unapata kitu chenyewe: unaweza kuitundika au kuiuza. Hakimiliki hubaki kwa msanii, isipokuwa ameihamisha kwa makubaliano, na chini ya Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa unaolinda hakimiliki, hudumu kwa kawaida si chini ya miaka 50 baada ya kifo chake. Ukitaka kuichapa kwenye fulana au kalenda za kampuni, itabidi umwombe ruhusa, na ana haki ya kukudai malipo.