Saruji kati ya matofali haiimarishi pevingi

Wenye nyumba wengi, na mafundi si wachache, wanaamini kwamba pevingi (matofali ya zege ya kutandaza uani au njiani; Kenya huitwa kabro) zikijazwa saruji kati ya tofali na tofali zitadumu zaidi. Ni kinyume chake.

Nguvu ya pevingi iko kwenye mchanga laini, mkavu, uliojaza upenyo wa milimita 2 hadi 5. Gurudumu likikanyaga tofali moja, mchanga huo uliobana hugawa uzito kwa matofali ya jirani. Saruji haijui kucheza: lori likipita, inapasuka nyufa nyembamba kama unywele. Maji ya mvua yanaingia, hayapati pa kutokea, mchanga wa chini unahama. Tofali linainua pembe, na sentimita moja tu inatosha kumkwaza mzee mwenye mkongojo au kuyumbisha bodaboda.

Panapopita magari, tumia tofali la milimita 80; la 60 waachie waenda kwa miguu. Lipangwe kwa mtindo wa mifupa ya samaki, juu ya mchanga wa milimita 30 basi. Kuziba mabonde ya kifusi (tabaka la chini ya mchanga) kwa mchanga mwingi ndiko kunakozaa mifereji ya matairi. Kifusi kishindiliwe kwanza, kipewe mteremko wa sentimita 2 kila mita. Saruji ina mahali pake: kwenye zege la kushikilia kabustoni (mawe ya ukingo) pembeni. Kisha fagia mchanga, shindilia kwa kompakta, fagia tena mpaka upenyo usimeze.